Naomba ushauri: wikiendi San Juan, Puerto Rico, tulale mtaa gani?

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kwa mnaoijua San Juan, hasa mlioko Marekani. Ni Ijumaa hadi Jumapili, watu wawili. Viza haina utata: Puerto Rico ni eneo la Marekani, viza ni ileile.

Jumamosi mchana ni ngome za El Morro na San Cristóbal, tiketi moja inaingiza zote mbili. Uwanja wa nyasi mbele ya El Morro hauna kivuli hata kidogo, hivyo ni kuwahi asubuhi kabla abiria wa meli za kitalii hawajamwagika mjini. Viatu viwe vya soli inayoshika; yale mawe ya buluu ya mji mkongwe yakilowa ni utelezi mtupu.

Mtihani uko usiku. La Placita, kule Santurce, mchana ni soko la matunda na mboga, ila Alhamisi hadi Jumamosi usiku ni salsa hadi barabarani. Sasa tulale Santurce au mji mkongwe? Uber inapatikana saa nane usiku, au bei hupaa watu wakitoka kwa mkupuo? Na mofongo, zile ndizi mbichi za kukaanga zilizotwangwa na kitunguu saumu, wapi wanauza bila bei ya mtalii?