Nimetolewa kwenye grupu la ukoo kisa NYEGERE! Hivi hizi "Je wajua" mnazitoa wapi?

Wakuu heshima kwenu. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa wanyama wa ajabu, huu ni wa malalamiko na nina hasira kwelikweli.

Iko hivi, tuna grupu la WhatsApp la ukoo, lilianzishwa kwa ajili ya misiba na michango, ila kila asubuhi watu hata hawajapiga mswaki kuna baba mdogo anamwaga "JE WAJUA??" ndefu kama gazeti, na mwisho tuma kwa watu kumi. Juzi kaja na ya nyegere. Eti nyegere ndo mnyama mwenye wivu kuliko wote duniani, mke wake hatoki bila ruhusa, akitoka anafuatwa kwa nyuma, akikutwa na dume lingine hapo patachimbika. Basi wanaume wote wa ukoo makofi, "huyo ndo mwanaume sasa", shangazi naye anauliza kama anafugika.

Nikajibu kwa adabu, na shikamoo nikaitanguliza: baba mdogo, nyegere hana ndoa. Dume na jike kila mmoja anaishi kivyake, wanakutana kupandana wakimaliza kila mtu anashika njia yake, jike anazaa, mara nyingi mtoto mmoja, anamlea peke yake mwaka mzima na ushee, baba hata hela ya matumizi haachi. Huyo ndo mume wenu wa mfano! Kumbe nimetukana. Eti najifanya msomi, eti nawakosea wazee, kidogo nashangaa admini kanitoa.

Sasa mimi hizi habari zisizo na kazi nazipenda kuliko hao wote. Ukiniambia pweza ana mioyo mitatu na damu ya bluu siku yangu imeanza vizuri, hainilipii kodi ya nyumba lakini nitaipeleka kijiweni na nitaonekana wa maana, na utamu wake uko hapo, unasema kitu na hakuna wa kukubishia maana nani atapanda basi mpaka Serengeti kuhakikisha. Ila ya nyegere haikusambaa kwa sababu ya nyegere. Wanaoituma wengi hawajawahi kumuona, wao wanamuona jirani yao na mkewe. Mnyama kavishwa suruali tu.

Na kinachonichosha, ukweli wenyewe ni kiboko kuliko uongo wenu! Fisi madoa mnasema ana jinsia mbili, leo dume kesho jike. Hapana. Jike ni jike, ila kiungo chake kimefanana na cha dume na anazalia humo humo, watoto wengi wa uzao wa kwanza wanakufa kwa sababu ya hiyo njia, na jike ndo bosi wa kundi, dume mgeni anakula mwisho. Hiyo mbona hamforwadi? Kinyonga nae eti akizaa tumbo linapasuka anakufa. Wengi wanataga mayai wanayafukia ardhini. Wapo wanaozaa, kama yule wa pembe tatu wa Mlima Kenya na Meru, kila mtoto anatoka na kifuko chembamba cha utelezi, kifuko ndo kinapasuka, mama anaendelea kula nzi zake. Nungunungu harushi miiba, anakurudia kinyumenyume kwa kasi inakuchoma, ukienda hospitali unasema amenirushia.

Hayo tungecheka yakaisha. Lakini bundi akitua juu ya bati watu wanatoka na mawe, eti kaja kuita msiba, na asubuhi mnalalamika panya wamemaliza mahindi stoo. Aliyekuwa anakula hao panya mmemuua nyie!! Kakakuona ndo kabisa, akionekana kijijini anabebwa kama mbunge, anawekewa maji, mahindi, silaha, akisogelea kimoja mwaka umeshatabiriwa. Mnyama chakula chake ni mchwa na sisimizi, anatafuta pa kukimbilia tu, akiogopa anajikunja mpira na hapo hata mtoto anambeba. Mwaka 2016 nchi zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya aina zake zote 8 kwa jinsi wanavyowindwa kwa ajili ya magamba, na bado kuna anayenitumia kwamba gamba linavuta pesa. Anayekutumia hiyo anakutafutia kesi ya nyara za serikali, wewe unamjibu "amina".

Haya, wajuzi wa wanyama karibuni mniongezee. Na nyie wa "nyegere ndo mwanaume" leteni ushahidi hapa, video ya dume anayeishi na mkewe shimo moja. Voisi noti sitaki.