Naomba ushauri: mama anaugua Masasi, nami niko katika utume Wete

Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwinjilisti wa Kianglikana, mzaliwa wa Masasi, na huu ni mwaka wa sita nikitumikia kanisa dogo hapa Wete, Pemba. Majirani zangu Waislamu wananitunza vizuri, hata futari ya Ramadhani huniletea, kwa hiyo lawama si zao. Shida yangu ni mama, ambaye sasa amepooza na hana mtoto mwingine aliye hai. Kumfikia kunanilazimu kupanda boti Mkoani hadi Unguja, kisha Dar es Salaam, kisha basi la kusini, na msiba wa baba nilifika matanga yameshaanuliwa. Nikiwa Mkunazini, kwenye kanisa kuu letu mjini Unguja, husimama penye kaburi la Askofu Steere, mmisionari Mwingereza aliyewapeleka kwetu Masasi mwaka 1876 watumwa walioachwa huru na kufariki Unguja mwaka 1882, nikajiuliza (labda kwa utovu wa imani) yeye wazee wake aliwaachia nani. Wakuu wangu wanataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Je, niombe uhamisho, au nimlete mama huku asikomjua mtu? Waliowahi kupitia hali hii naomba wanishauri.