Mjadala: Grupu ya WhatsApp ya walimu ifungwe saa kumi na moja jioni?

Hoja: Mnamo 2022 Seneta Samson Cherargei alipeleka mswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira, mfanyakazi asilazimike kujibu simu na meseji za kazi nje ya saa zake. Waajiri, kupitia shirikisho lao la FKE, waliupinga. Ufaransa sheria ya aina hiyo ilianza kutumika 2017. Hapa Nairobi, grupu za walimu huwa moto saa tatu usiku: "Alama za Gredi ya 8 ziwe mezani kwangu kesho kabla ya gwaride." Je, mwalimu mkuu azuiwe?

MZEE WA RATIBA
Nyinyi mnashika simu, kosa liko kwenye ratiba. Sekondari msingi ina vipindi 40 kwa wiki, kila kimoja dakika 40. Mwalimu aliyepewa 30 anabaki na 10, yaani dakika 400. Ana mikondo mitatu, kila mmoja wanafunzi 60. Zoezi moja tu kwa wiki, dakika mbili kwa kila daftari, hizo ni 360. Dakika 40 zilizobaki ni za andalio la somo, rekodi ya kazi na mzazi anayemsubiri langoni. Hapo sijahesabu vipindi vya kumshikia mwenzake aliye mgonjwa. Kwa hivyo alama hujazwa nyumbani, mkuu anajua hivyo, na ndiyo maana huziulizia usiku. Grupu ifungwe isifungwe, madaftari yatapanda matatu.

AFISI YA MBELE
Mkuu naye husukumwa. Agizo la takwimu linashuka kutoka kaunti ndogo saa tisa alasiri, majibu yanatakiwa kesho yake asubuhi. Tena shule zetu nyingi ni za kutwa. Mtoto wa Gredi ya 4 hajafika nyumbani saa mbili usiku, mamake atampigia nani? Mkuu. Naye amwulize nani kama si mwalimu wa zamu? Marufuku ya jumla ni ya kupigiwa makofi mkutanoni tu.

CHAKI MKONONI
Mtoto aliyepotea hatafutwi kwenye grupu ya watu 45. Hapo ni kupiga simu kwa mwalimu wa darasa na wa zamu, basi. Grupu ibaki ya matangazo: wekeni ile mipangilio inayowaruhusu wasimamizi pekee kutuma, msururu wa "sawa mwalimu" utakoma. Meseji ikimjia mkuu kichwani saa nne usiku, aiandike kwenye daftari lake, aitume saa moja asubuhi. Kazi yoyote ya kujaza fomu itangazwe siku mbili za kazi kabla. Agizo la dharura kutoka juu lijazwe na naibu na mwalimu mmoja waliotengewa muda siku hiyo, si wafanyakazi wote wagutushwe vitandani.

Kanuni hii huharibikia mahali pawili. Mkuu ananyamaza lakini naibu anafungua grupu ya pili, "ya kitaaluma". Halafu zile alama mbili za buluu zinageuzwa ushahidi: ulisoma saa tatu na dakika kumi, mbona hukujibu? Iandikwe waziwazi kwamba kusoma si kukubali kazi.

MWALIMU WA BODI
Na sisi tulioajiriwa na bodi ya shule? Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila saba. Wengi wana ahadi ya mdomo tu. Asiyejibu grupu Jumapili hafukuzwi. Haitwi tu muhula ujao. Kanuni isipoingia kwenye barua ya ajira haitusaidii.

MZEE WA RATIBA
Hilo ni zito. Naongeza la zamu, maana linaumiza kuliko simu. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinaweka masomo ya shule ya kutwa saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kisha michezo na vyama hadi kumi na moja kasorobo. Mwalimu wa zamu hufika kumi na mbili na nusu, na anayetoka Rongai au Kitengela huamka saa kumi alfajiri. Wapangwe wawili wawili, mmoja wa kufungua, mwingine wa kufunga. Wa kufungua asipewe vipindi viwili vya mwisho wiki hiyo. Hili ni la mpanga ratiba, halihitaji shilingi wala waraka kutoka Wizara.

AFISI YA MBELE
La zamu nakubali. Lakini semeni: mkuu akiivunja kanuni, atashtakiwa kwa nani? TPAD, ile tathmini ya utendakazi wa mwalimu, ya huyo anayelalamika inathibitishwa na mkuu huyo huyo.

CHAKI MKONONI
Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawapa walimu mwakilishi mmoja kwenye bodi, wanayemchagua wenyewe. Katika shule nyingine mwakilishi huyo huteuliwa na mkuu. Hapo ndipo pa kuanzia, itisheni uchaguzi. Kisha kanuni ipitishwe na kikao cha walimu, iingie kwenye kumbukumbu, mwakilishi aipeleke kwa bodi kwa barua. Barua iende kwa mwenyekiti moja kwa moja, nakala ibaki kwa mwakilishi, kwa sababu katibu wa bodi, anayeandaa ajenda, ni mwalimu mkuu.