Naomba ushauri: Land Rover 109 ya marehemu baba imefumuliwa yote, bajeti inaisha na hakuna kilichorudishwa

Mwana wa Bwana Shamba (Moshi)

Wakuu, habari za leo. Baba alikuwa bwana shamba Mbulu, akastaafu na Land Rover 109 Series III ya mwaka 1976, ya petroli. Nyumbani hakuna mtoto ambaye hakuwahi kukimbizwa hospitali na gari lile. Siku ya kumzika tulikodi gari la watu, kwa sababu lake lilikuwa limelala chini ya mparachichi mwaka wa sita. Siku ile niliapa nitalifufua.

Nilitenga milioni 12. Mpaka jana nimetumia 7,350,000: injini imefumuliwa na kuchongwa, nimenunua matairi matano mapya, na fundi bodi amechukua kianzio cha rangi 1,200,000. Bodi iko gereji moja, injini gereji nyingine, milango iko sebuleni kwangu. Fundi wa kwanza amehama mji. Boksi la nati limechanganywa na la gari jingine, na kila fundi mpya akija anataja kitu kipya cha kununua.

Nashika wapi ili hela iliyobaki inifikishe? Sitaki kuliuza. Naomba mnisaidie kwa hilo tu.

Mzee wa Chasisi (Arusha)

Pole sana kwa msiba, kijana wangu. Nimesoma maelezo yako mara mbili, neno chasisi halimo. Umeigonga?

Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, haioti kutu, kwa hiyo mtu akiiona nzima anadhani gari lote ni zima. Chasisi, ile fremu ya chini inayobeba gari, ni chuma, bamba nne zimechomelewa zikawa kama boksi, ndani tupu. Tope na maji huingia humo, kutu inakula ndani kwa ndani huku nje rangi nyeusi inang'aa. Chukua nyundo ndogo na bisibisi, lala chini, gonga kila sentimita 10. Chuma kizima kinalia. Kilichooza sauti yake ni nzito, na bisibisi inazama. Anza na boriti ya nyuma pale pa kuvutia trela, fuata mikono ya pembeni inayobeba bodi, kisha panapofungwa springi. Halafu kagua miguuni kwa dereva na abiria wa mbele, maana ule ukuta unaotenga injini nao ni chuma.

Ukimaliza ndipo utajua gari hili linataka shilingi ngapi. Hiyo milioni 12 uliipanga kabla hujalala chini yake. Mimi huenda hivi: chasisi, breki na stelingi, injini na gia boksi, umeme, bodi, rangi. Matairi ni ya mwisho kabisa, mpira unazeeka hata ukiwa stoo.

Dada Mhasibu (Dodoma)

Kaka, tulifufua Peugeot 504 ya mume wangu kwa miezi kumi na minne, na miezi sita ya mwanzo tulipoteza pesa kama wewe. Kilichotuokoa ni daftari. Si la tarehe, maana tarehe hazikuambii kitu. Kila sehemu ya gari ipe ukurasa wake: breki ukurasa, umeme ukurasa. Kila ukurasa una safu tatu: nilichokadiria, nilicholipa, ninachodaiwa bado. Hiyo ya tatu watu hawaiandiki. Wanaona mfukoni kuna hela, kumbe nusu ni ya fundi anayemaliza kazi Ijumaa.

Umebaki na 4,650,000. Theluthi yake, 1,550,000, iweke mbali, iwe ya yale usiyoyaona leo. Kwa hiyo unapanga na 3,100,000 tu. Fungua pia ukurasa wa vidogovidogo: grisi, msasa, nauli, vocha, chakula cha mafundi. Kwetu ukurasa huo peke yake ulifika laki tisa, nami nilikuwa nauona ni hela ya soda.

Na pesa ya ufundi usiitoe yote mbele. Spea nunua mwenyewe, risiti ibandike kwenye ukurasa wake. Fundi mpe ya kula, iliyobaki aipate kazi ukishaiona.

Kijana wa Kirinyaga Road (Nairobi)

Ndugu yangu, hilo boksi la nati ndilo limenishtua. Nati na bolti za Series III nyingi ni za inchi, si za milimita. Ukipoteza moja, fundi ataforsi ya milimita, uzi unakufa, halafu unanunua na kifaa chenyewe. Tafuta seti ya spana za inchi, 7/16, 1/2 na 9/16 zitakufanyia kazi kubwa.

Kuanzia leo kila unachofungua piga picha kabla ya kukigusa. Bolti zake tia kwenye mfuko wa nailoni, andika kwa kalamu isiyofutika zimetoka wapi, mfuko ufunge kwenye kifaa chake. Na usifungue sehemu ya pili kabla ya kufunga ya kwanza. Leta kila kitu pahali pamoja, hata kama utalipia lori.

Binti Msimamizi (Tanga)

Samahani kwa kuuliza la ndani. Kadi ya gari bado ina jina la marehemu? Una ndugu? Kwetu kaka alitengeneza gari la baba kwa pesa yake, lilipowaka ndugu wakadai ni la urithi, na kweli lilikuwa la urithi. Alikuwa hajaandikisha popote. Msimamizi wa mirathi athibitishwe na mahakama kwanza, ndipo TRA wabadilishe jina. Hata kama mnapendana, kaeni kikao, mkubaliane kwa maandishi gari ni la nani na gharama zako zinahesabiwaje.

Mwana wa Bwana Shamba (Moshi)

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Nimerudi baada ya siku tisa.

Nililala chini na nyundo. Boriti ya nyuma imeoza, bisibisi iliingia mpaka kwenye mpini. Mikono miwili ya kulia nayo imekwisha. Reli zote mbili ndefu za chasisi, zinazotoka mbele hadi nyuma, zinalia vizuri. Fundi bodi amekubali kile kianzio cha rangi kigeuke ufundi wa kuchomelea, tumeandikiana. Injini nimeirudisha kwangu kwa lori. Tuko ndugu wanne, kikao ni Jumamosi, na mama ndiye msimamizi.

Mzee wa Chasisi (Arusha)

Marahaba. Reli zikiwa nzima, umepona. Namba ya chasisi imegongwa mbele kulia, panapofungwa springi. Isugue taratibu, isome, ilinganishe na kadi, kisha izungushie chaki na umwoneshe fundi kabla hajawasha grainda. Ikifutika, hakuna daftari litakalokusaidia. Na bodi ikirudi, popote aluminiamu inapokutana na chuma weka mpira katikati, vinginevyo unyevu utaila aluminiamu iwe unga mweupe.

Tuma picha ya boriti mpya kabla haijapakwa rangi. Nataka kuona ule mchomeleo.