Mwanasheria au hakimu aliyeruhusu mateso: sheria inamfikia?

Mkalimani wa Mashariki aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitafsiri Kiswahili katika mahakama moja ya hakimu mkazi mashariki mwa Uganda. Siku moja aliletwa kijana asiyejua Kiingereza wala Lusoga. Hakimu alipomuuliza kama ana la kusema, alikunja mikono ya shati lake, na juu kidogo ya viwiko, mkono wa kulia na wa kushoto, ilionekana alama nyeusi ya kamba iliyozunguka kama bangili, ile ambayo kila Mganda wa umri wangu anajua kuwa ni ya kandoya, yaani mateso ya kumfunga mtu mikono nyuma ya mgongo kwenye viwiko. Akasema: "Walinifunga siku mbili, ndipo nikakubali yote." Nilitafsiri neno kwa neno. Mwendesha mashtaka hakuinua macho kutoka kwenye faili, na hakimu aliandika mstari mmoja, akaamuru arudishwe rumande. Nilipoletewa jalada nithibitishe tafsiri, nilikuta imeandikwa kwamba mshtakiwa hakuwa na malalamiko. Nami nilitia saini.

Askari aliyeikaza kamba anaweza kushtakiwa, ingawa ni kwa nadra. Je, mwanasheria wa serikali anayeandika kwamba jambo hilo linaruhusiwa, mwendesha mashtaka anayelitumia ungamo la namna hiyo, na hakimu anayelifumbia macho, nao sheria inawafikia?

Wakili wa Mbarara alijibu:

Ndugu Mkalimani, pole kwa mzigo huo. Ibara ya 24 ya Katiba ya 1995 inakataza mateso, na ibara ya 44 inasema katazo hilo haliwezi kulegezwa kwa hali yoyote. Kisha ipo Sheria ya Kuzuia na Kukataza Mateso ya 2012, ambayo wengi huisoma kana kwamba iliandikwa kwa ajili ya askari peke yao. Sivyo. Inamtia hatiani pia anayesaidia au kushawishi, haimruhusu mtu kujitetea kwamba aliagizwa na mkubwa wake, na (hapa ndipo waendesha mashtaka wanapopaswa kuisoma mara mbili) inamhesabu kuwa mkosaji yeyote anayetumia, katika kumshtaki aliyeteswa, maelezo ambayo alijua au alipaswa kujua kwamba yalipatikana kwa mateso. Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019 inaongeza kwamba mtumishi wa umma aliyevunja haki atawajibika yeye binafsi, hata kama serikali nayo inalipa.

Hakimu ndiye mgumu. Ibara ya 128 inamkinga asishtakiwe kwa alilolitenda akitekeleza mamlaka ya mahakama. Kinachobaki ni malalamiko kwa Tume ya Utumishi wa Mahakama, na kwa jaji wa Mahakama Kuu, utaratibu wa kumwondoa kazini ulio katika ibara ya 144.

Mwalimu wa Historia, Tororo, alijibu:

Sheria ipo, wakili, lakini tazama jinsi wenye kalamu wanavyoponyoka. Hapo ng'ambo ya mpaka, Kenya, mwaka 1957 Mwanasheria Mkuu wa kikoloni, Eric Griffith-Jones, aliandaa kanuni za kuhalalisha kupigwa kwa wafungwa wa Mau Mau, waliopigania uhuru, akaeleza hata viungo visivyofaa kupigwa: bandama, ini na figo. Alimwandikia Gavana Baring kwamba ikiwa watatenda dhambi, basi waitende kimyakimya. Mwezi Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 pauni milioni 19.9. Griffith-Jones alipewa cheo cha Sir, na hakuwahi kupandishwa kizimbani.

Marekani nako, Agosti 2002, Jay Bybee, mwanasheria wa Wizara ya Sheria, alitia saini waraka ulioandaliwa pamoja na mwenzake wizarani John Yoo, uliosema kwamba maumivu si mateso mpaka yalingane na yale ya kiungo kushindwa kufanya kazi au ya kifo. Mwezi huohuo Abu Zubaydah, mfungwa wa shirika la kijasusi la CIA, alimwagiwa maji mpaka kukosa pumzi, mara 83. Mwaka uliofuata Bybee akawa jaji wa rufani, na Yoo aliendelea kufundisha sheria. Wachunguzi wa Wizara ya Sheria yao walisema wawili hao walikiuka maadili ya kazi, lakini Januari 2010 mkubwa mmoja wizarani akatengua, akasema ni upungufu wa busara tu.

Hata hivyo kuwashtaki wenye kalamu kumewahi kufanyika. Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1947, wanasheria na majaji 16 wa utawala wa Hitler walishtakiwa, na 10 wakatiwa hatiani kwa sababu ya sheria na hukumu walizoziandika.

Karani Mstaafu, Gulu, alijibu:

Wanangu, kinga ya mahakimu msiibeze. Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa na askari wa Idi Amin kutoka ofisini kwake Mahakama Kuu, muda mfupi baada ya kuamuru aachiliwe Mwingereza aliyekuwa ameshikiliwa na jeshi, na hakurudi. Tukiwaruhusu wenye bunduki kumshitaki jaji kwa kila uamuzi wasioupenda, wa kwanza kuumia atakuwa yule anayewafungulia watu milango.

Lakini kinga hiyo inalinda uamuzi. Kuandika katika jalada kwamba mtu hakulalamika, ilhali alilalamika mbele ya watu wote, si uamuzi. Ni uongo katika hati ya mahakama, na mimi niliyetunza majalada miaka 31 sikubali uitwe jina lingine. Mwanangu Mkalimani, wewe ndiwe shahidi. Andika hati ya kiapo, ueleze na ile saini yako bila kujificha, uipeleke kwa Tume ya Utumishi wa Mahakama na kwa Tume ya Haki za Binadamu. Kijana huyo bado ana kesi?

Mkalimani wa Mashariki:

Ndiyo, mzee, kesi itatajwa tena mwezi ujao. Nimelipata daftari langu la kazi. Tarehe imo, namba ya kesi imo, na maneno yake niliyaandika kwa penseli kabla sijayatafsiri. Jumatatu asubuhi ninakwenda kwa kamishna wa viapo.