Mnatukataza dawa ya magugu kwenye kahawa, halafu sangari mnatuachia sisi na migongo yetu

Heshima kwenu wanajamvi.

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Wiki hii mkaguzi wa kampuni moja inayonunua kahawa yetu ya kilimo hai, yaani ile isiyonyunyiziwa dawa za viwandani, hapa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, amepita kihamba kwa kihamba, yaani shamba la nyumbani la kila familia. Kila alipokuta gugu la sangari limetanda kati ya mibuni alisimama, akaandika kwenye fomu yake kwamba udhibiti wa magugu hauridhishi, akatutaka tusaini, akaendelea na safari. Nilipomuuliza tufanye nini ili mwakani uridhishe, alifungua kitabu cha mafunzo walichotugawia wao wenyewe na kunisomea kwamba magugu yadhibitiwe kwa palizi ya mkono na kwa matandazo. Basi. Kuhusu sangari, ambayo ndiyo inayotunyima usingizi sisi sote tuliosaini mkataba, kitabu hicho chenye kurasa nzima za picha za rangi hakina hata aya moja.

Naomba nieleweke mapema, maana nawajua watu wa humu: sitetei dawa. Katika kihamba kahawa haikai peke yake, bali inakaa na migomba, magimbi na maharage, na kando yake maji ya mfongo, ule mfereji wetu wa umwagiliaji, yanapita kwenda kwa jirani. Atakayenyunyiza pale ananyunyiza chakula cha nyumba yake. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka glaifoseti, dawa ya kuua magugu inayotumika sana, katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu, na ingawa mamlaka za udhibiti za Ulaya na Marekani zimefikia hitimisho tofauti, mimi sina haja ya kuwa sehemu ya majaribio hayo. Tena adhabu yenyewe inajulikana. Kwa kanuni za soko la Ulaya, zao la kudumu kama kahawa linahitaji miaka 3 ya mpito kabla ya mavuno yake kuuzwa kama ya kilimo hai, kwa hiyo mtu akinyunyiza mara moja anarudi mwanzo wa foleni. Tulilijua hilo na tukalikubali.

Tusichokubali ni kupewa katazo lililoandikwa kisheria, kwa vifungu na adhabu, huku njia mbadala ikiachwa katika maneno matatu, "palizi ya mkono", yaliyoandikwa na mtu ambaye ni dhahiri hajawahi kuichimba sangari hata hatua moja ya shamba.

Kwa wasioijua, sangari si jani la kung'oa ukalitupa. Majani unayoyaona juu ni sehemu ndogo tu. Chini ya udongo kuna vishina vyeupe vilivyosokotana, vyenye vifundo kila baada ya nafasi fupi na ncha kali kama sindano, na katika kila kifundo kuna chipukizi linalosubiri. Ukiinua bonge la udongo na kulipasua kwa mikono utaviona vimepita katikati yake pande zote, na ukivuta kimoja kitakatika pale pale kwenye kifundo, nusu ibaki mkononi na nusu ibaki ardhini. Ile nusu iliyobaki ndiyo sangari ya mvua zijazo. Sasa mwambie kibarua anayelipwa kwa eneo alilomaliza kwamba apalilie kwa jembe la kawaida. Atakata majani, atakatakata vishina katika vipande, atavifukia haraka ili afike mwisho wa kipande chake, na baada ya mvua mbili utakuwa umelipa fedha kwa ajili ya kuotesha sangari. Huo ndio udhibiti wa magugu mnaotuandikia kwenye fomu.

Kinachofanya kazi kinajulikana, na si siri ya wataalamu. Ardhi ichimbuliwe kwa jembe uma, lile lenye meno, ambalo huinua vishina badala ya kuvikata, wakati udongo umekauka kiasi cha kuachia, kisha vishina vikusanywe kwa mkono na kuanikwa juani hadi vikauke kabisa. Visitupwe kwenye shimo la mboji vikiwa vibichi, kwa sababu mboji isiyopata joto la kutosha huvirudisha shambani vikiwa hai pamoja na samadi juu yake. Baada ya hapo mtu asiliache shamba lipumzike: kila chipukizi linapotokeza majani machache likatwe kabla halijarudisha chakula chini, tena na tena, mpaka akiba iliyo kwenye vishina iishe. Kisha kivuli. Sangari haipendi kivuli kizito, na wazee wetu waliokuwa na vihamba vyenye miti mikubwa na migomba iliyoshonana hawakuisumbukia kama sisi. Iliingia kwa nguvu kila mahali miti ilipoangushwa kwa ajili ya mbao, na hilo halikuletwa na kampuni yoyote. Tulilifanya wenyewe kwa sababu ada za shule hazisubiri.

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, kwa sababu kila hatua katika hizo nilizozitaja ina gharama, na hakuna hata moja iliyomo katika bei. Kiangazi kirefu, kuanzia Juni hadi Septemba, ndicho wakati bora wa kuchimbua na kuanika, lakini kahawa ya huku kaskazini huanza kuvunwa mwezi Julai, na kampuni ile ile inataka buni nyekundu tupu, zichumwe kwa awamu, zimenywe maganda siku hiyo hiyo. Mikono ni ile ile. Mama wa nyumba hawezi kuwa kwenye mbuni akichagua buni na wakati huo huo awe amepiga magoti anakusanya vishina, na vijana waliokuwa wakifanya vibarua wako mjini wanaendesha bodaboda. Ukiwapata wachache waliobaki, ujira wa kuchimbua sangari kwa jembe uma, ambayo ni kazi ya taratibu, unameza nyongeza yote tunayolipwa kwa jina la kilimo hai na kuanza kuila bei ya kawaida.

Isitoshe, mizizi ya kahawa inayolisha mti imo katika tabaka lile lile la juu ambamo vishina vya sangari vimejaa. Anayechimba kwa pupa karibu na shina la mbuni anaukata mti wake mwenyewe, kwa hiyo eneo la chini ya matawi lazima lifanywe polepole, kwa vidole na kijiti. Hebu mtu wa kampuni aje afanye kazi hiyo asubuhi moja tu, kisha aandike fomu yake.

Na hayo matandazo, yatoke wapi? Kitabu kinasema tufunike udongo kwa majani ya migomba na mabua. Ng'ombe wa zizini anakula majani hayo hayo na magogo ya migomba hiyo hiyo, mabua tunayabeba kutoka mashamba ya chini kwa ajili yake, na samadi yake ndiyo mbolea pekee mliyoturuhusu. Tukimpa mbuni, ng'ombe analala njaa; tukimpa ng'ombe, sangari inapata jua. Hata yakipatikana, matandazo membamba yaliyowekwa juu ya sangari ambayo haijachimbuliwa hayaizuii; inapenya na kupata unyevu wa ziada.

Sitaki kuwa mchoyo wa shukrani: kampuni ilituletea mafunzo mara moja. Yalikuwa kuhusu vuta-sukuma, ile mbinu iliyoanzishwa Kenya miaka ya 1990 na watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, na washirika wao, ya kupanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mahindi na majani ya tembo pembezoni. Ni mbinu nzuri sana dhidi ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, na dhidi ya funza wa mabua. Sisi hatukuuliza kuhusu mahindi. Mkufunzi mwingine alisifu upupu ule usiowasha, mukuna, kama zao la kufunika ardhi, na kweli kwenye shamba tupu la chini hufunika vizuri, kama vile fiwi na viazi vitamu vinavyofanya. Lakini ni mmea unaopanda, na ukiupeleka kwenye kahawa utautafuta mbuni ndani yake. Wapo pia wanaotusambazia kwenye simu mapishi ya chumvi na siki. Siki huunguza majani na kuviacha vishina salama, na chumvi inaharibu udongo utakaorithiwa na watoto wako. Sijui kwa nini ushauri wa bure ndio unaosambaa kwa kasi zaidi.

Kuhusu mashamba ya chini, ambako baadhi yetu tuna kahawa changa na mahindi, wenye matrekta ya kukodi nao wasikilize. Haro ya sahani, kile chombo cha trekta chenye visahani vya chuma vya kulainisha udongo, inayotoka kwenye shamba lililojaa sangari na kuingia kwa jirani bila kusafishwa ina vipande vya vishina vimening'inia kwenye vyuma, na inavipanda kwa mstari. Nimemwomba dereva asafishe sahani kabla ya kuvuka mpaka, akaniambia muda ni mafuta. Kampuni inayodai ukanda wa kinga dhidi ya dawa ya jirani haijawahi kuuliza chochote kuhusu haro.

Halafu mtu asiniambie kwamba haya ndiyo matakwa ya mlaji wa Ulaya na kwamba hakuna la kufanya. Ulaya hiyo hiyo, mwaka 2023, iliongeza kibali cha glaifoseti kwa miaka 10 mingine kwa ajili ya wakulima wao wa kawaida. Sisemi kwamba ni unafiki. Kilimo hai ni mkataba tofauti na huko pia wanaoufuata hawanyunyizi. Nasema kwamba wenzetu wa huko wanaokataa dawa wana mashine za kupalilia na bei inayozifidia, ilhali sisi tunafidiwa kwa saini kwenye fomu ya lawama.

Tunachokitaka kinaweza kuandikwa kwenye karatasi moja. Gharama ya kuchimbua sangari ihesabiwe kwa eka na ionekane katika nyongeza ya bei, tofauti na malipo ya ubora. Majembe uma ya chuma kizuri, si yale yanayopinda meno siku ya kwanza, yaletwe kwenye chama cha msingi cha ushirika kwa mkopo unaokatwa kwenye kahawa. Ukaguzi wa magugu usifanyike katikati ya mavuno. Miche ya miti ya kivuli itolewe pamoja na miche ya kahawa, na itoke kwenye kitalu ambacho udongo wake umechekechwa, kwa maana nimeshapokea miche ya kahawa yenye sangari ndani ya viriba.

Mkataba wetu unafanyiwa mapitio kabla ya msimu ujao na viongozi wa chama wametuambia tulete mapendekezo kwa maandishi. Kama kuna mwanajamvi, awe wa Mbinga, Mbozi, Karagwe au hata wa upande wa Kenya, ambaye kikundi chake kimefanikiwa kuingiza gharama ya palizi katika mkataba wa kilimo hai, naomba aweke hapa maneno ya kifungu hicho, bila kutaja jina la mnunuzi. Wale wa kuniambia "nyunyiza usiku, hakuna atakayeona" wapite kimya.