Taa ya ABS inawaka nikianza tu kutembea

Wakuu, pikapu yangu ni ya mwaka 1998. Nikifika kilomita 15 kwa saa hivi, taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki kwa nguvu) inawaka. Nikizima injini na kuwasha tena inapotea, kisha inarudi. Breki zinashika vizuri, taa nyekundu ya breki haiwaki, mafuta ya breki yamejaa na fyuzi ni nzima. Wiki iliyopita nilibadilisha beringi ya mbele kushoto.

Jibu: Anzia kwenye hiyo beringi. Sensa inayosoma mwendo wa gurudumu iko palepale na waya wake huvutwa kirahisi. Chomoa plagi, pima omu (ukinzani wa umeme) kushoto na kulia kwa multimeta, ulinganishe. Kagua pia ringi ya meno ambayo sensa huisoma ikizunguka, isiwe na ufa au kutu.

Jibu: Breki za kawaida unazo, lakini taa ikiwaka ABS haifanyi kazi, hivyo barabara ikilowa usikanyage kwa nguvu, magurudumu yatajifunga.

Muulizaji: Kulia omu 1,100, kushoto multimeta haisomi kitu! Waya umekatikia ndani ya mpira, pale unapojikunja nikikata kona. Kwa macho ulionekana mzima kabisa. Naagiza sensa pamoja na waya wake, sitaki kuunga sehemu inayochezacheza. Asanteni sana.